Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia Fupi ya Kielekezi Tupu

Neno sifuri tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni utupu. Katika matumizi ya kila siku asili hiyo haitusumbui, kwa kuwa mwenye shilingi sifuri mfukoni, mfuko wake kweli ni mtupu. Katika ofisi ya umma, hata hivyo, sifuri na utupu ni vitu viwili. Mwanafunzi aliyepata alama sifuri si sawa na mwanafunzi ambaye alama zake hazijaingizwa. Kijiji kilichoripoti wagonjwa sifuri wa kipindupindu si sawa na kijiji ambacho taarifa yake haijafika wilayani. Cha kwanza kimehesabiwa, cha pili hakijulikani. Afisa anayeviweka vyote viwili katika safu moja ya jedwali ataandaa ripoti nadhifu yenye uongo ndani yake.

Kompyuta zimeishi na mkanganyiko wa aina hiyo kwa takribani miaka 60. Wataalamu huuita kosa la kielekezi tupu. Makala hii inafuatilia historia ya kosa hilo, hasa safari yake kutoka mfumo endeshi mmoja hadi mwingine. Hoja yangu ni kwamba kosa hili halikudumu kwa kukosa kujulikana. Lilidumu kwa sababu baadhi ya mifumo ililipokea kwa upole na kulifunika, gharama yake ikaachiwa mtu aliyekuja baadaye. Msomaji asiye mtaalamu wa kompyuta asikate tamaa mapema: habari hii inazihusu taasisi kama inavyozihusu mashine.

Kikaratasi kisicho na anwani

Kumbukumbu ya kompyuta yaweza kufananishwa na mtaa mrefu wa nyumba zilizopewa namba mfululizo kuanzia sifuri. Kila nyumba huhifadhi kipande kidogo cha taarifa. Programu ikihitaji kukumbuka mahali ilipoliweka jalada la mteja, haibebi jalada zima. Hubeba kikaratasi chenye namba ya nyumba. Kikaratasi hicho ndicho kielekezi.

Wakati mwingine hakuna jalada la kuelekezwa. Mteja hajasajiliwa, orodha imefika mwisho, au faili halikupatikana. Hapo programu huandika katika kikaratasi alama maalumu yenye maana kwamba hakuna kitu. Hicho ni kielekezi tupu, na chenyewe hakina ubaya wowote. Kosa hutokea pale sehemu nyingine ya programu inapokipokea kikaratasi hicho bila kukitazama, ikamtuma mjumbe aende kwenye anwani hiyo kuleta mzigo. Kwa kuwa katika mashine nyingi alama ya utupu huwakilishwa na namba sifuri, mjumbe huenda moja kwa moja kugonga mlango wa nyumba namba sifuri.

Swali linalobeba historia yote inayofuata ni hili: katika nyumba namba sifuri anaishi nani? Mwenye kujibu ni mfumo endeshi, kwa kuwa ndio unaogawa nyumba, unaoamua nani aingie wapi, na unaomkamata mjumbe aliyepotea njia. Na kila mfumo endeshi ulijibu kwa namna yake.

Uamuzi wa mwaka 1965

Tony Hoare alizaliwa mwaka 1934 mjini Colombo, katika Ceylon iliyokuwa koloni la Uingereza, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Alisoma Oxford lugha za kale na falsafa, akajifunza Kirusi alipokuwa katika jeshi la majini, na mwaka 1960 akaajiriwa na Elliott Brothers, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza kompyuta. Mwaka 1965 alikuwa akishirikiana na Mswisi Niklaus Wirth kubuni lugha ya programu iliyokuja kuitwa ALGOL W. Nia yake ilikuwa njema. Alitaka kila matumizi ya kielekezi yawe salama, na ukaguzi wa usalama huo ufanywe na kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa maagizo ya mashine. Pamoja na nia hiyo, aliruhusu kielekezi chochote kiweze kuwa kitupu. Kwa maelezo yake mwenyewe, alishindwa kukishinda kishawishi, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa rahisi mno kulitekeleza. Mwaka 2009, katika mhadhara jijini London, aliuita uamuzi huo kosa lake la dola bilioni moja.

Wengi huikumbuka kauli hiyo na kuishia hapo, kana kwamba historia nzima ilitokana na udhaifu wa mtu mmoja. Ushahidi wa Hoare huyo huyo unatuelekeza kwingine. Mwaka 1980, alipopokea Tuzo ya Turing, alisimulia habari za kompaila ya ALGOL 60 waliyoitengeneza kule Elliott. Kompaila hiyo ilihakikisha kwamba programu inapoendeshwa, kila namba inayotumika kuchukua kitu katika safu ya taarifa inakaguliwa kama imo ndani ya mipaka ya safu hiyo. Ukaguzi huo ulikula muda wa mashine. Baada ya miaka kadhaa wateja waliulizwa kama wangependa kupewa njia ya kuuzima ili kazi iende haraka. Walikataa kwa kauli moja. Walikwisha kujua makosa hayo hutokea mara ngapi katika kazi halisi, na walijua hasara ambayo yangeleta kama yangepita bila kuonekana. Hoare alisikitika kwamba hadi mwaka huo wa 1980 wabunifu wa lugha na watumiaji wao walikuwa hawajajifunza somo hilo, akaongeza kwamba katika fani yoyote ya uhandisi yenye heshima, kupuuza tahadhari ya msingi namna hiyo kungekuwa kumeharamishwa na sheria zamani.

Ushahidi huu una uzito. Waliokuwa wakilipa gharama ya kosa walitaka ukaguzi ubaki. Lugha zilizokuja kutawala dunia zilibuniwa na watu wengine, kwa vipaumbele vingine.

Unix yafunga safari

Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walianza kujenga mfumo endeshi wa Unix juu ya mashine ndogo iliyoitwa PDP-7. Baadaye mfumo ulihamia mashine ya PDP-11, na mwaka 1973 ukaandikwa upya kwa lugha ya C, aliyoibuni Ritchie. Hatua hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko ilivyoonekana. Mifumo endeshi mingi ya wakati huo iliandikwa kwa lugha ya mashine yake, ikaishi nayo na kufa nayo. Mfumo ulioandikwa kwa lugha isiyo ya mashine moja ungeweza kuhama.

Kusambaa kwa Unix kulikuwa pia na sababu ya kisiasa. AT&T, kampuni mama ya maabara za Bell, ilikuwa imefungwa na makubaliano iliyofikia na serikali ya Marekani mwaka 1956 ili kumaliza kesi ya ukiritimba. Makubaliano hayo yaliizuia kufanya biashara nje ya huduma za mawasiliano. Kwa hiyo haikuwa huru kuuza Unix kama bidhaa ya kawaida, nayo ikavipa vyuo vikuu leseni kwa gharama ndogo, pamoja na maandishi yenyewe ya mfumo. Vyuo vikapata mfumo ambao wahadhiri na wanafunzi waliweza kuusoma, kuurekebisha na kuuhamishia kwingine.

Mwaka 1977 Unix ilihamishiwa mashine za kampuni ya Interdata katika mabara mawili. Katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, kazi hiyo iliongozwa na Richard Miller. Katika maabara za Bell ilifanywa na Ritchie na Steve Johnson, ambao mwaka 1978 walichapisha makala kuhusu uhamishikaji wa programu za C na wa mfumo wenyewe. Walichokikuta ni kwamba programu nyingi zilizohesabiwa kuwa kamilifu zilikuwa zimeegemea tabia za PDP-11 bila mwandishi kujua. Zilichukulia kielekezi kuwa ni namba tu kama namba nyingine, zikachanganya aina moja ya taarifa na nyingine, na PDP-11 ikanyamaza. Mashine ngeni haikunyamaza. Kutokana na kazi hiyo lugha ya C yenyewe iliimarishwa, na Johnson akaandika programu iitwayo lint, ambayo kazi yake ilikuwa kupitia maandishi ya programu na kuonya juu ya matumizi ya kutilia shaka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ujio wa mashine ngeni uliziponya programu za nyumbani. Bila kuhama, maradhi yale yangeendelea kuitwa afya.

Mitaa mipole na mitaa mikali

Uponyaji huo haukuwa kamili. Katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley ilitengenezwa Unix kwa ajili ya VAX, mashine iliyotolewa na kampuni ya DEC mwaka 1977. Katika mfumo huo nyumba namba sifuri ilikuwa sehemu ya mtaa wa programu. Mjumbe aliyepotea aliruhusiwa kuingia na kusoma, na alichokikuta ndani kilikuwa sifuri. Katika lugha ya C, maandishi yanayoanza na sifuri huhesabiwa kuwa maandishi yasiyo na herufi. Kwa hiyo programu iliyouliza jina la mtu kupitia kielekezi tupu ilijibiwa kwa upole kwamba mtu huyo ana jina lisilo na herufi, ikaendelea na kazi. Programu nyingi ziliandikwa juu ya upole huo, na waandishi wake hawakuwa na njia ya kuona kwamba zina kasoro.

Mwaka 1982 ilianzishwa kampuni ya Sun, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Bill Joy, ambaye alikuwa kinara wa kazi ya Unix pale Berkeley. Mashine za mwanzo za Sun zilitumia vichakataji vya Motorola, na mfumo wake haukuiweka nyumba namba sifuri katika mtaa wa programu. Mjumbe aliyeigonga alikamatwa papo hapo, na programu ikauawa. Ndipo programu zilizotumika kwa amani kwenye VAX zikaanza kufa zilipohamishwa. Ni rahisi kuona lawama ingeangukia wapi: mtumiaji alikuwa na programu iliyofanya kazi jana kwenye mashine moja na kuanguka leo kwenye nyingine, hivyo angeshuku mashine ya pili. Ukweli ulikuwa kinyume. Mashine ya pili ndiyo iliyosema kweli. Mkanada Henry Spencer, wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliandika amri kumi za mwandishi wa C kwa mtindo wa mzaha wenye dhamira nzito. Moja inakataza kukifuata kielekezi tupu, na nyingine inalaani imani kwamba dunia nzima ni VAX.

Tofauti kati ya mifumo ziliendelea kwa miaka mingi. AIX ya IBM iliruhusu programu kusoma katika nyumba namba sifuri ila ikaizuia kuandika. HP-UX ya Hewlett-Packard iliachia usomaji, lakini ikampa mtengenezaji wa programu chaguo la kuukataza. Solaris, iliyotokana na mifumo ya Sun, ilibaki kali, hata hivyo ikaandaa maktaba maalumu ambayo mtu angeweza kuipachika ili programu mbovu za zamani zipate nyumba ya sifuri ya bandia na kuendelea kuishi. Programu ikiamriwa kuchapisha maandishi kupitia kielekezi tupu, maktaba ya C inayotumika sana kwenye Linux huchapisha alama ya utupu na kuendelea, ilhali kwenye Solaris programu hiyo hiyo ilianguka.

Kwenye kompyuta binafsi hali ilikuwa mbaya zaidi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ikiendeshwa na MS-DOS, haikuwa na ukuta wowote kati ya programu na mashine. Mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu kulikuwa na jedwali la anwani ambazo mashine ilizitegemea ili kujua la kufanya kibonye kinapobonyezwa au saa inapopiga. Mjumbe aliyeandika mahali hapo hakuiua programu yake peke yake, bali aliweza kuiangusha kompyuta nzima. Kompaila ya Turbo C ya kampuni ya Borland ilitumia ujanja wa kukisia: iliweka maandishi yanayojulikana mwanzoni mwa eneo la taarifa za programu, na programu ilipomaliza kazi ikatazama kama maandishi hayo yamebadilika. Yakiwa yamebadilika, ilitoa onyo kwamba kuna kielekezi tupu kilichotumika. Alikuwa mlinzi anayegundua asubuhi kwamba usiku paliibwa. Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, ilizitenga kilobaiti 64 za mwanzo za mtaa wa kila programu ili mjumbe aliyepotea akamatwe.

Na ziliwahi kuwako mashine, kama zile za mfululizo wa Prime 50, ambamo utupu wenyewe haukuwakilishwa na sifuri hata kidogo. Aliyeandika programu kwa imani kwamba utupu na sifuri ni kitu kimoja, huko alikwama.

Pale sheria iliponyamaza

Mwaka 1989 Marekani ilipitisha kiwango rasmi cha lugha ya C, na mwaka uliofuata kikawa cha kimataifa. Kamati iliyokiandika ilikuwa mbele ya mitaa hii yote, mipole na mikali. Kuamuru kila mfumo umkamate mjumbe kungezigharimu baadhi ya mashine kasi na kuwalazimu watengenezaji wengine kubadili mifumo yao. Kuamuru upole kungehalalisha uzembe. Kamati haikuamuru lolote. Iliandika kwamba kinachotokea programu inapokifuata kielekezi tupu hakijafafanuliwa. Kila mmoja akabaki na desturi ya mtaa wake.

Mtumishi wa umma anajua nini hufuata sheria inaponyamaza. Ukimya huja kufasiriwa na mwenye nguvu. Katika historia yetu mwenye nguvu alikuwa kompaila. Watengenezaji wa kompaila walianza kuusoma ukimya ule kwa mantiki ifuatayo: programu halali haikifuati kamwe kielekezi tupu, programu hii imekwisha kukifuata kielekezi hiki, kwa hiyo kielekezi hiki si kitupu, kwa hiyo ukaguzi uliowekwa mbele yake ni wa bure, na waweza kufutwa ili programu iende kasi.

Mwaka 2009 gharama ya tafsiri hiyo ilidhihirika katika Linux. Sehemu moja ya kiini cha mfumo, inayohusika na mitandao ya kuiga, ilikuwa na mistari miwili iliyokaa vibaya. Wa kwanza ulikifuata kielekezi, na wa pili ukauliza kama ni kitupu. Kompaila, kwa mantiki yake, ikaufuta wa pili. Aliyeusoma mpango kwa macho aliuona ukaguzi umeandikwa. Katika mashine haukuwako. Mwezi Agosti mwaka huo huo Tavis Ormandy na Julien Tinnes walitangaza kosa jingine la kielekezi tupu katika kiini cha Linux, lililokuwa limekaa humo tangu mwaka 2001.

Makosa yote mawili yaliweza kutumiwa na mshambuliaji kwa njia moja. Mtumiaji wa kawaida wa mfumo alijenga nyumba yake katika namba sifuri, akaweka humo maagizo yake, kisha akakichokoza kiini kimtume mjumbe huko. Kiini ndicho chenye mamlaka yote juu ya mashine. Ni sawa na mwananchi mjanja kuhamia katika anwani ambayo serikali huipelekea barua zake zilizopotea, akazifungua na kuzijibu kwa muhuri wa serikali. Tangu mwaka 2007 Linux ilikuwa na kizuizi dhidi ya watu kujenga katika namba sifuri, lakini zilikuwapo njia za kukizunguka. Baada ya matukio hayo vizuizi viliimarishwa, na kiini cha Linux kikaanza kukusanywa kwa agizo linaloikataza kompaila kufuta ukaguzi wa aina hiyo.

Sheria moja kwa mitaa yote

Jaribio jingine lilikuwa limekwisha kufanywa. Mwaka 1995 Sun ilitoa lugha ya Java kwa ahadi kwamba programu ikiandikwa mara moja itaendeshwa popote. Java haikunyamaza kuhusu utupu. Iliagiza kwamba programu ikikifuata kielekezi tupu, kwenye mfumo wowote ule, hitilafu moja yenye jina moja itatokea, na mwandishi anaweza kuishughulikia. Hapo upole wa VAX na ukali wa Sun vilikoma kuwa na maana. Kosa, hata hivyo, halikukoma. Hitilafu hiyo imekuwa miongoni mwa zile zinazofahamika zaidi kwa kila anayeandika Java. Sheria ilikuwa imeeleza jinsi ya kuanguka kwa utaratibu, bila kuondoa sababu ya kuanguka.

Njia ya kuondoa sababu ilijulikana zamani katika familia ya lugha zilizotokana na ML, iliyoanza kujengwa Edinburgh katika miaka ya 1970. Katika familia hiyo, kitu kinachoweza kukosekana hupewa aina yake, tofauti na kitu ambacho lazima kiwepo, na kompaila hukataa kuipitisha programu mpaka mwandishi aeleze atafanya nini kikikosekana. Mawazo hayo yaliingia katika lugha zinazotumika kwa wingi baada ya muda mrefu: Swift ya Apple mwaka 2014, Rust mwaka 2015, na Kotlin mwaka 2016. Mwaka 2017 Google iliitambua rasmi Kotlin kwa kuandikia programu za Android, mfumo unaoendesha simu nyingi zilizo mikononi mwetu Afrika Mashariki. Kati ya kishawishi cha 1965 na hatua hiyo kulipita nusu karne.

Somo la Juni 2025

Mtu anaweza kudhani kwamba jambo hili sasa ni la makumbusho. Tarehe 12 Juni 2025 huduma za Google Cloud zilianguka duniani kwa saa kadhaa, na taarifa ya kampuni yenyewe ilitaja kielekezi tupu. Tarehe 29 Mei iliongezwa sehemu mpya katika mfumo unaokagua kama kila ombi la mteja linaruhusiwa. Sehemu hiyo ilisambazwa eneo kwa eneo kwa utaratibu wa tahadhari, lakini haikuwahi kuamshwa, kwa kuwa ilihitaji badiliko la sera la aina fulani ili ifanye kazi. Tarehe 12 Juni badiliko hilo liliingizwa likiwa na visanduku vilivyoachwa vitupu. Kwa sekunde chache likanakiliwa maeneo yote ya dunia. Kila mahali programu ilisoma utupu, ikaufuata, ikaanguka, ikaanza upya, ikaanguka tena. Wahandisi walikitambua chanzo ndani ya dakika 10, na dawa ikasambazwa ndani ya dakika 40 hivi, ingawa eneo moja kubwa nchini Marekani lilichukua takribani saa mbili na dakika 40 kupona. Taarifa ilikiri kwamba sehemu hiyo haikuwa na namna sahihi ya kushughulikia hitilafu, wala haikuwa na swichi ya kuiwasha hatua kwa hatua.

Tukio hili linaongeza sharti katika hoja yangu. Uhamishikaji wa miaka ya 1970 ulifichua makosa kwa sababu mashine zilitofautiana. Mwaka 2025 programu ilikuwa ile ile kila mahali, ikaanguka kwa namna ile ile kila mahali. Kusambaza kitu kimoja katika maeneo mengi hakukipimi. Kinachopima ni kukutana na mazingira yasiyokizoea, na kisanduku kitupu ni mojawapo ya mazingira hayo.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 19 Julai 2024, sasisho la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft. Wengi mitandaoni walikimbilia kusema kwamba chanzo ni kielekezi tupu. Uchunguzi wa kampuni ulionyesha kwamba programu ilisoma nje ya mipaka ya safu ya taarifa: ilitarajia kitu cha 21 mahali palipokuwa na vitu 20. Hilo ni kosa lile lile ambalo wateja wa Elliott walikataa kuondolewa ulinzi wake zaidi ya nusu karne kabla.

Ofisi zetu na kisanduku kitupu

Historia hii inamgusa kila anayeandika mkataba wa mfumo wa umma, anayeutumia, na anayeudai uwajibike. Kwanza, maana ya kisanduku kitupu ni uamuzi wa sera, na haifai kuachiwa fundi aliyeko chini ya shinikizo la muda. Haipo, haijulikani na haihusiki ni majibu matatu. Fomu inayodai jina la ukoo kwa mtu mwenye jina moja, au tarehe kamili ya kuzaliwa kwa bibi aliyezaliwa kabla ya kijiji chake kuwa na usajili, itapokea utupu au itapokea uongo. Mfumo uliojengwa kwa imani kwamba visanduku vyote vitajazwa utawaangukia watu hao kwanza, nao ndio wenye sauti ndogo zaidi ya kulalamika.

Pili, kauli ya mzabuni kwamba mfumo wake unafanya kazi haijitoshelezi mpaka tujue unafanya kazi wapi. Mfumo ulioonyeshwa kwenye kompyuta ya mzabuni mwenyewe, kwa taarifa alizoziandaa yeye, umeonyeshwa kwenye mtaa mpole. Jaribio lenye maana hufanyika kwenye mashine ya ofisi ya wilaya, kwenye mfumo endeshi mwingine, kwa majalada halisi yenye mapengo yake.

Tatu, ukimya katika mkataba una mnufaika. Kipengele kisichosema nini kitatokea taarifa zinapokosekana kitakuja kufasiriwa na aliye na mwanasheria bora, kama kompaila ilivyoufasiri ukimya wa mwaka 1989.

Mficha maradhi, kifo humfichua. Mifumo iliyompokea mjumbe aliyepotea na kumpa jibu la uongo ilipendwa kwa sababu haikusumbua mtu, na hasara ikaja kuonekana siku ya kuhama, mbele ya mtu asiye na hatia. Katika kikao kijacho cha kupokea mfumo mpya, mtumishi wa umma anaweza kuacha maswali mengine yote na kuomba jambo moja: mfumo uendeshwe kwenye mashine isiyo ya mzabuni, kisanduku kimoja kikiwa kimeachwa kitupu, na wote waliopo watazame kinachotokea kabla ya hati ya malipo kusainiwa.